Maji Chini ya Mzabibu wa Eglantina

Kila mwaka mvua za baridi zikishakwisha, Mersin Balliu alichanganya lipu kidogo kwenye ndoo ya zamani ya jibini, akaegemeza ngazi upande wa chini wa nyumba yake, akaziba ufa. Alichagua siku mkewe yuko sokoni. Ufa wenyewe ulianzia kwenye kona ya dirisha la jikoni, ukashuka ukifuata matofali mpaka ukajificha nyuma ya mzabibu, na kila mwaka ulirudi pale pale bila haya. Nazmije mkewe alirudi, akaona lipu mbichi ukutani, akatazama vidole vya mumewe, kisha akamuuliza angependa kula nini. Ndoa za siku nyingi huishi kwa mambo kama hayo.

Msije mkamdharau mzee wa watu. Mersin alikuwa fundi mwashi, na pale Gurishtë, kwenye vilima vya juu ya mto Shkumbin, nusu ya nyumba zilipitia mikononi mwake. Ya kwake aliijenga ghorofa mbili, mwaka ule serikali ya zamani ilipoanguka watu wakaachiwa wajenge wapendavyo, na juu ya paa akaacha nondo za nguzo zimesimama wima, kama kila mtu. Huko nondo juu ya paa si aibu. Ni tangazo kwamba hapa yupo mtoto wa kiume, na ghorofa yake inakuja. Mersin alizivika chupa za plastiki zisishike kutu, na kwenye ndefu kuliko zote akamfunga dubu wa kitambaa wa bintiye, apokee kijicho cha wapita njia mpaka ujenzi umalizike. Ujenzi ulikuwa haujamalizika bado. Dubu alikuwa amepoteza jicho moja na rangi yote, na Fation, mtoto wa kiume mwenyewe, alikuwa ughaibuni, Dortmund, kila mwaka akisema atarudi mwakani.

Nyumba ile, binti na mzabibu vilikuwa vya umri mmoja. Eglantina alizaliwa kuta zikiwa zimefika kiunoni, na baba yake akapanda mche wa mzabibu kwenye pembe ya chini. Wenzake walimcheka, maana mti hupandiwa mtoto wa kiume. Yeye akawaambia wangoje waje kuomba zabibu. Akaelekeza na bomba la maji ya paa lote limwagike pale kwenye shina, na kila jioni akaongezea kwa mpira. Binti alipoolewa akaenda Tirana, mji mkuu, Mersin alizidisha maji. Hakumwambia mtu kwa nini, na hakuna aliyeuliza.

Basi mwaka huu Fation akasema kwenye simu kwamba anafikiria kurudi, na kwamba ukuta wa mbele wa ghorofa ya chini ukibomolewa, pale pangefaa kuoshea magari. Alisema anafikiria tu. Mersin alipokata simu jambo lilikuwa limekwisha: ukuta utabomolewa, na juu ya zile nondo itapanda ghorofa ya tatu. Akaagiza saruji na kokoto, akamwambia jirani yake Xhevit alete mashine ya kuchanganyia zege Jumamosi ya baada ya Idi, akaanza kutembea uani akipiga mbinja.

Nazmije ndiye aliyempigia simu Eglantina. Kazi ya Eglantina ilikuwa kupima udongo kabla watu hawajajenga juu yake, na kuwaambia wanachotaka kusikia na wasichotaka. Alifika na gari la kazini lenye matope, akambusu baba yake mashavuni, akazunguka nyumba mara moja.

“Baba, huu ufa ni wa lini?”

“Ufa gani?”

“Ule unaoupaka poda kila mwaka,” Nazmije akasema kutoka dirishani.

Eglantina akatoa garini keekee ndefu ya kutobolea ardhi. Kwenye pembe ya juu, upande wa kilima, chuma kilizama kidogo tu kikagonga jiwe, kikakataa. Akahamia pembe ya chini karibu na mzabibu. Hapo hakuhitaji kusukuma. Alipokivuta chuma, udongo uliotoka nacho ulikuwa laini na unang'aa, akaufinyanga kwa vidole viwili ukawa kamba.

“Tazama mwenyewe.”

“Udongo,” akasema Mersin.

“Udongo uliolewa, baba. Nyumba ina mguu mmoja juu ya jiwe na mwingine juu ya unga wa kukanda. Ardhi ikitikisika, miguu hii miwili haitacheza ngoma moja.”

“Ardhi imeshatikisika! Tetemeko la Novemba lilivunja glasi zote za mama yako kabatini, na nyumba ikasimama.”

“Lile lilikuwa mbali, huko pwani. Lilitupungia mkono tu. Na nyumba ilikuwa na ghorofa mbili na kuta zake zote. Sasa wewe unataka kuiongezea kichwa na kuikata magoti.”

Neno hilo lilimchoma Mersin, kwa sababu lilikuwa zuri na kwa sababu Xhevit alikuwa kwenye ua wa pili, ameinama juu ya vitunguu vyake na masikio yamesimama.

“Mimi ndiye niliyekufundisha kupanda ngazi hapa hapa,” akasema. “Ulikuwa unanishikia timazi. Leo unanifundisha msingi?”

“Kama ungekuwa mtu baki ningekuwa nimeshakuandikia nikaenda zangu. Kwa vile ni wewe, nimesimama hapa nabembeleza.”

“Basi acha kubembeleza. Jumamosi tunamwaga zege.”

Eglantina akafungua mdomo, akatazama mpira wa maji uliokuwa mkononi mwa baba yake na shina la mzabibu lililolowa, akaufunga mdomo. Akala supu ya mama yake, akaondoka. Nazmije akasindikiza gari mpaka barabarani, na wale wawili walizungumza dirishani muda mrefu kuliko kuagana kunavyohitaji.

Jioni ile Mersin alinyweshea mzabibu kama kawaida. Kwa mara ya kwanza aliona jambo ambalo macho yake yalikuwa yakilipita siku zote. Maji hayakutuama. Yaliingia kwenye mwanya kati ya ardhi na ukuta, yakapotea kama yanayojua njia. Akasimama akiyatazama, kisha akafunga bomba akaingia ndani, akajiambia kwamba udongo una kiu.

Jumamosi ile asubuhi, kokoto zilikuwa zimerundikwa uani na Xhevit alikuwa ameshafika na mashine yake, akiipiga teke iwake. Ndipo lango likagongwa. Pale kijijini hakuna anayegonga. Mtu huingia akiita. Wote wawili wakageuka.

“Mwenye nyumba!” sauti ikaita kutoka nje. “Unapokea mgeni?”

Mersin aliijua sauti hiyo tangu haijajua kutamka.

“Egla, ingia. Acha mchezo.”

“Unapokea mgeni, mwenye nyumba?”

Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, amevaa suti yake ya mikutano na viatu visivyo na tone la tope, mkononi ana kisanduku cha ballokume, zile biskuti za mahindi na siagi ambazo mtu hapeleki kwao bali kwa watu. Mersin akaelewa, na damu ikampanda usoni. Binti aliyeolewa, kwa sheria za wazee, ni mgeni nyumbani kwa baba yake. Hakuna anayeishika sheria hiyo siku hizi. Mabinti huingia moja kwa moja mpaka jikoni wakafunua sufuria. Lakini haijafutwa. Na mgeni akigonga, mwenye nyumba ana jibu moja tu.

Xhevit alizima mashine. “Haya, Mersin,” akasema taratibu. “Mtu yuko mlangoni.”

“Karibu,” Mersin akasema huku ameuma meno. “Nyumba ni ya Mungu na ya mgeni.”

Akamkalisha kwenye kiti cha heshima karibu na meko, mahali ambapo Eglantina hajawahi kukaa maisha yake yote. Xhevit alijikaribisha mwenyewe, kwa kuwa jambo kama hilo halitaki mtu mmoja kulishuhudia. Nazmije akatokea na kahawa upesi mno, kwenye vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, na Mersin akajua kwamba maji yalichemshwa kabla lango halijagongwa. Ndani ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na njama. Kukafuata kuulizana hali, maana bila hilo hakuna mazungumzo.

“Mmechokaje na safari?” akauliza Mersin, kwa wingi wa heshima.

“Hatujachoka. Ninyi hamjambo? Mama mwenye nyumba hajambo?”

“Hajambo, kama unavyomwona.”

“Na yule binti yenu wa Tirana?”

“Hajambo. Mkaidi.”

“Kamrithi nani?”

“Upande wa mama yake,” akasema Mersin, na Xhevit akapaliwa na raki, pombe kali aliyokuwa amejimiminia.

Kicheko kikapita. Kahawa ya Eglantina ilikuwa mezani, povu limejaa, na yeye mikono yake ilikuwa mapajani. Mersin akakitazama kikombe. Alikifahamu vizuri sana kikombe cha namna hiyo. Ujanani alikaa nyumbani kwa baba yake Nazmije na kahawa kama hiyo mbele yake bila kuigusa, maana mwenye haja hanywi mpaka haja yake ijibiwe. Na wakwe walipokuja kumposa Eglantina, wazee watatu waliketi chumba hiki hiki wakikodolea macho vikombe vyao, na Mersin akaviacha vikapoa kabisa kabla ya kusema ndiyo. Hakuwa na neno na kijana. Alikuwa hataki tu siku ile iishe.

“Kunywa kahawa,” akasema.

“Nina neno kwanza, mwenye nyumba.”

“Sema.”

“Naomba ghorofa ya tatu isijengwe, wala ukuta wa chini usibomolewe. Kuta hizo ndizo zitakazowashika siku ile.” Alisema polepole, bila sauti ya kazini. “Naomba nyuma ya nyumba, upande wa kilima, uchimbwe mtaro wa kina, utandikwe kitambaa cha kuchuja, uwekwe bomba lenye matundu na ujazwe kokoto, ili maji ya mlimani yakamatwe hayajafika kwenye msingi. Ardhi iteremke kuikimbia nyumba, isiielekee. Na maji ya paa yapelekwe kwa bomba zima mpaka korongoni.”

“Umemaliza?”

“Bado.” Akamtazama baba yake usoni. “Mzabibu usinyweshewe tena.”

Nazmije alikuwa ameshika sinia kifuani.

“Chumba chenu cha kulala kiko juu ya pembe ile,” Eglantina akasema. “Taa ya dari ikitikisika kule Tirana, mtoto wangu yuko ubavuni namwona. Mimi nawaza pembe ile. Nasimama gizani na simu, nahesabu itaita mara ngapi kabla hujapokea. Nimechoka kuhesabu.”

Mersin alitazama dirishani. Kutoka pale alipokaa aliona majani ya mzabibu, na juu kabisa, kwenye ukingo wa paa, kivuli cha dubu.

“Mgeni anajua anachoomba?” akauliza. “Nondo zile ni za mwanangu.”

“Najua.”

“Na mzabibu ule ni wa binti yangu.”

“Najua,” akasema Eglantina. “Yeye ndiye amenituma.”

Povu la kahawa lilikuwa limeshazama. Mersin aliwaza yale maji yasiyotuama. Aliwaza ndoo ya lipu, na ngazi, na miaka yote aliyoupaka ukuta poda ili asisikie ulichokuwa ukimwambia. Alitaka kusema neno la ukali, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, lakini mbele yake alikuwa amekaa mtoto wake aliyevaa viatu safi na kuja kumwomba kama mtu baki, kwa sababu kama mtoto hakusikilizwa. Hilo lilimuuma kuliko ghorofa.

“Kunywa kahawa yako, mgeni,” akasema. “Imepoa.”

Eglantina alikishika kikombe kwa mikono miwili akanywa yote, pamoja na mashapo, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Nazmije akaweka sinia chini akaenda jikoni kufanya kelele na vyombo.

“Sasa mimi mashine yangu nimpelekee nani?” Xhevit akauliza.

“Iache,” akasema Mersin. “Chukua koleo.”

Fundi akishakubali, mwachie kazi. Mersin alichimba mtaro kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo, akamgombeza Xhevit kwa kuta zisizonyooka na kumgombeza binti yake mhandisi kwa kumwaga kokoto zenye vumbi. Walipofika kina cha kifua, maji yalianza kutoka upande wa kilima, membamba, baridi, yakiteleza juu ya mwamba kuifuata nyumba. Mersin alikaa ukingoni akayatazama. Miaka yote hiyo yalikuwa yakipita chini ya kitanda chake, naye akiyaongezea ya mpira. Kokoto za ghorofa ya Fation ziliingia zote mtaroni.

Fation mwenyewe alipigiwa simu, na Mersin akamweleza kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa za msiba.

“Baba,” Fation akasema, “mimi nikija nataka chumba changu kile kile, chenye dirisha bovu. Sikuwahi kuomba ghorofa.”

“Ungesema.”

“Ulikuwa na furaha.”

Kesho yake Mersin alipanda juu ya paa peke yake na msumeno wa chuma. Nazmije alisikia kutoka uani nondo zikikatwa moja moja, na kati ya moja na nyingine kimya kirefu kidogo. Alishuka na dubu kwapani. Nyumba ilikuwa imekamilika, baada ya maisha yote ya binti yake. Nazmije akamfua dubu, akamshonea jicho kwa kifungo cha shati, akamweka kwenye kitanda ambacho mjukuu hulalia akija.

Mzabibu haukukatwa. Eglantina hakuomba hivyo. Lakini bomba la paa lilipohamishwa, na mpira ukazungushwa na kutundikwa stoo, majani ya mwaka ule yalitoka madogo. Mersin hakulalamika. Alikata vipande vya matawi, akateremka navyo mpaka mdomo wa bomba kule ukingoni mwa korongo, akavipanda pale maji yalipomwagika. Xhevit akamkuta amepiga magoti.

“Mbali hivi, nani atakuja kuchuma?”

“Ameolewa mbali,” akasema Mersin. “Maji yake yako huku.”

Eglantina alikuja mara nyingi kiangazi kile. Siku moja aligundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, pande zote mbili, akamkataza baba yake asikiguse na lipu. Kioo kikivunjika, alimwambia, nyumba imesogea. Kikiwa kizima, imetulia. Mersin akawa anakipitia kila asubuhi kabla ya kahawa, akikifuta vumbi kwa ncha ya shati.

Tetemeko lilikuja majira ya kuvuna mahindi, wakati wa chakula cha mchana. Supu ilianza kutembea kwenye sahani kabla hawajasikia kitu. Kisha ukaja ule mngurumo, kabati likapiga glasi zake, taa ya dari ikapepea, na Nazmije akawa ameshamshika mumewe mkono akimvuta uani. Halikuwa kubwa kuliko yote waliyoyajua, lakini safari hii lilikuwa karibu, na kwenye kijiji cha chini vigae viliteleza na bomba la moshi likaanguka. Mbwa wote walibweka. Xhevit alitoka na suruali ya ndani na kijiko mkononi.

Mersin hakumtazama. Alizunguka nyumba hadi pembe ya chini, akasogeza majani ya mzabibu, akainama. Akapitisha kidole kwenye kioo, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kisha akatoa simu mfukoni kabla haijaita.

“Baba,” Eglantina akapokea pale pale. “Kioo?”

“Hata salamu?”

“Baba.”

“Kizima, mama. Kizima kabisa. Nimekigusa.”

Akamsikia akilia, akamwacha alie, akiwa amesimama na mgongo wake umeegemea ukuta. Ardhi chini ya viatu vyake ilikuwa kavu na ngumu.

“Nakuja,” akasema Eglantina. “Niko njiani.”

“Unakuja kama nani? Nimwambie mama yako atoe vikombe vipi?”

“Vile vya kila siku, baba.”

“Basi usibishe hodi,” akasema Mersin, akaenda kulifungua lango, akaliwekea jiwe lisijifunge.